Antena Haijui Dijitali: Vifuniko vya Sufuria Juu ya Mapaa ya Kwale

Jina jema hung'ara gizani, walinena wahenga. Kuhusu jina baya hawakunena mengi, na pengine ndiyo sababu wataalamu wa istilahi za Kiswahili hushughulika zaidi na maneno yanayokosekana kuliko maneno yaliyopo ambayo yanapotosha. Makala haya yanahusu jina moja la aina hiyo, 'antena ya dijitali', pamoja na chombo ambacho jina hilo lilikishusha hadhi: antena ya nyumbani iliyoundwa kwa vifuniko vya sufuria, waya wa henga, spoki za baiskeli na kitu kingine chochote cha metali kilichopatikana uani. Dai lake ni kwamba jina hilo si la kweli, kwamba liliwagharimu watu maskini fedha, na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao katika lawama hiyo.

Msafiri anayevuka Likoni na kushika barabara ya kusini, akapita Ukunda, Gazi na Msambweni hadi kufikia Lungalunga mpakani, hupita katika nchi yenye sura mbili. Upande wa bahari, hasa pale Diani, zipo hoteli zenye madishi ya setilaiti. Upande wa pili wa lami, ndani kidogo tu, ipo milingoti. Huu ni mvinje mrefu ulionyooka, ule ni mwanzi, mwingine ni boriti ya mkoko. Na juu ya kila mmoja kuna kitu kilichofungwa kwa waya ambacho mgeni hukitazama mara mbili kabla ya kutambua kwamba kilikuwa chombo cha jikoni. Mgeni hucheka. Wenyeji hawacheki, kwa kuwa wao wanajua kilifika vipi pale juu, nani alikipandisha, na ni kipindi gani kilichokuwa kinangojewa siku hiyo.

Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962. Shirika lililoirusha lilitwaliwa na serikali mwaka 1964 na kuitwa Sauti ya Kenya, kisha likarudia jina la KBC mwaka 1989. Kwa miaka mingi, hiyo ndiyo iliyokuwa televisheni pekee nchini, hadi KTN ilipoanza mwaka 1990. Kusini mwa pwani, mbali na nguzo za umeme, runinga ilikuwa sanduku dogo la rangi nyeusi na nyeupe, aghalabu la Great Wall, lililopata uhai wake kutoka kwa betri ya gari. Betri hiyo ilibebwa kwa baiskeli kwenda kuchajiwa na kurudishwa kabla ya magharibi. Nyumba yenye runinga ilikuwa nyumba ya mtaa mzima. Watoto walikaa mkekani mbele, wazee vitini nyuma, na waliochelewa walichungulia dirishani kumtazama Mzee Ojwang' wa Vitimbi akigombana na Mama Kayai. Yafaa itajwe kwa kupita kwamba huo ulikuwa ukumbi wa Kiswahili usio na mwalimu: mtoto wa Kidigo na mtoto wa Kivumba walikaa pamoja wakisikiliza Kiswahili cha bara, wakakicheka na kukiiga kwa wakati mmoja. Wanaisimujamii wanaoandika kuhusu kuenea kwa Kiswahili huvitaja shule, masoko na majeshi. Kifuniko cha sufuria hawakitaji.

Sasa, chombo chenyewe hufanyaje kazi? Swali hili ni lazima lijibiwe kwa Kiswahili na kwa ukamilifu, kwa kuwa hoja nzima ya makala haya imejengwa juu ya jibu lake.

Mnara wa matangazo hurusha mawimbi. Wimbi likikutana na kipande cha metali, husukuma umeme mdogo sana ndani yake, huku na huko, mamilioni ya mara kwa nukta moja. Msukumo huo huwa na nguvu zaidi endapo urefu wa kipande unalingana na nusu ya urefu wa wimbi. Ni kama mtoto katika pembea: akisukumwa kwa wakati unaolingana na mwendo wake, hupaa, akisukumwa ovyo, hutikisika tu. Basi siri ya antena yoyote, ya dukani au ya uani, ni kipimo. Mawimbi ya masafa ya chini ni marefu, nayo huhitaji metali ndefu. Mawimbi ya masafa ya juu ni mafupi, nayo huhitaji metali fupi. Katika masafa ya megahezi 174 hadi 230, ambayo ni mojawapo ya kanda za zamani za televisheni, urefu wa wimbi ni kati ya mita 1.3 na mita 1.7. Nusu yake ni kijiti cha sentimita 65 hadi 85 hivi. Hii ndiyo sababu henga ya waya ikikunjuliwa ilifaa, na rimu ya baiskeli nayo ikapata kazi ya pili baada ya kustaafu barabarani.

Kipimo cha pili ni kimo. Mawimbi ya televisheni husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, ilhali dunia imepinda. Kwa hiyo anayetaka kuyanasa sharti apande juu apate kuona mbali. Mlingoti wa mita 4 juu ya ardhi tambarare 'huona' umbali wa kilomita 8 hivi. Ukirefushwa hadi mita 9 huona zaidi ya kilomita 12, na kilomita hizo hujumlishwa na zile ambazo mnara wenyewe huziona kutoka kimo chake. Wanakijiji wa Msambweni hawakusomea hesabu hii. Waliongeza mvinje mmoja juu ya mwingine, wakaufunga kwa kamba, wakaona tofauti. Nyuma ya Milima ya Shimba, kuelekea Kinango, hata kuongeza mvinje hakukusaidia sana, kwa sababu mlima si kitu cha kuchunguliwa juu yake kwa miti miwili. Kwa upande mwingine, wakazi wa Shimoni na Vanga, walio chini ya kilomita 100 kutoka Pemba, wametazamana na bahari tupu. Hewa yenye unyevu juu ya maji ya vuguvugu huweza kuyapinda mawimbi yakasafiri mbali kuliko kawaida, na mawimbi hayana pasipoti. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, ikiwa ya rangi tangu mwanzo, miaka 21 kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chake cha kwanza.

Kipo pia kisa cha paa. Makuti makavu huyapitisha mawimbi bila kuyasumbua sana; mabati huyarudisha yalikotoka. Aliyeishi chini ya makuti aliweza kuiweka antena yake ndani, juu ya kabati au kwenye boriti, na runinga ikashika. Siku alipofanikiwa kuezeka mabati, jambo ambalo kila mtu alimpongeza kwalo, runinga ilikataa, na antena ikalazimika kutoka nje na kupanda mlingotini. Hivyo, mlingoti wenye kifuniko cha sufuria, ambao mpita njia aliusoma kama alama ya ufukara, mara nyingine ulikuwa alama ya kupanda daraja.

Neno lililotawala shughuli hii yote lilikuwa chenga. Chenga, kama kila mpishi wa pwani ajuavyo, ni punje za mchele zilizovunjika, zile zinazobaki chini ya ungo baada ya kupeta. Mtu fulani, ambaye hakuna kamusi itakayomtaja, aliziangalia nukta nyeupe zikicheza kwenye kioo cha runinga akaona chenga. Ni sitiari iliyokamilika. Inaeleza rangi, inaeleza ukubwa, inaeleza kuwa kitu kizima kimevunjika vipande, na zaidi ya hayo inakubali kiasi: chenga nyingi, chenga kidogo, chenga zimekwisha. Ukubalifu huo wa kiasi ndio uliowezesha ufundi. Kijana alipanda paani akashika mlingoti. Mwingine akakaa mbele ya runinga. Wa tatu akasimama mlangoni kupeleka habari. 'Zungusha! Zidisha! Hapo! Rudi kidogo! Basi, usiguse!' Chenga zilipungua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa somo. Baada ya jioni chache kijana huyo alijua zaidi kuhusu mwelekeo, kimo na viungo kuliko alivyoambiwa na kitabu chake cha fizikia.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kukitukuza kitu duni, kwani sayansi haikuanzia kwenye sufuria. Na watazame ilikoanzia. Heinrich Hertz, aliyethibitisha kuwepo kwa mawimbi haya huko Ujerumani katika miaka ya 1886 hadi 1888, aliyarusha kwa waya na mipira ya zinki, akayanasa kwa duara la waya lenye mwanya mdogo ambapo cheche ilionekana. Duara la waya: rimu ya baiskeli isiyo na spoki. Miaka 40 baadaye, mwaka 1926, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku, Japani, walionyesha kwamba vijiti vya metali vilivyopangwa sambamba, kimoja nyuma kirefu kidogo na vingine mbele vifupi kidogo, huelekeza nguvu upande mmoja. Huo ndio umbo la mwiba wa samaki unaoonekana juu ya nyumba duniani kote. Kinachosimuliwa kuhusu antena hiyo kina uhusiano na mada ya makala haya. Wajapani walipoiteka Singapore mwaka 1942 walikuta maandishi ya Waingereza kuhusu rada yenye neno 'Yagi', na hawakujua maana yake, hadi mfungwa wa Kiingereza alipowaeleza kwamba ni jina la Mjapani mwenzao. Maarifa yaliondoka nyumbani yakarudi yakiwa na jina, na wenye nyumba hawakulitambua jina hilo.

Jambo kama hilo lilitokea Kwale, isipokuwa jina lililokuja lilikuwa la uongo.

Mwaka 2006, mkutano wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano huko Geneva ulikubaliana kwamba nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zihame kutoka televisheni ya analogi hadi ya dijitali, na tarehe ya mwisho ikawekwa kuwa Juni 17, 2015. Nchini Kenya uhamaji huo ulijaa mivutano, kesi zikafika hadi Mahakama ya Juu mwaka 2014, na mitambo ya analogi ikaanza kuzimwa Nairobi Februari 2015. Vituo vikubwa vya binafsi vilitoweka hewani kwa majuma kadhaa. Kabla ya mwaka kufika kati, enzi ya analogi ilikuwa imekwisha. Na Julai ya mwaka huohuo Benson Wanjau, ambaye ndiye Mzee Ojwang', akaaga dunia.

Lakini neno 'dijitali' lilikuwa limewafikia Wakenya kabla ya mitambo yenyewe, na lilifika likiwa na maana nyingine. Katika kampeni za uchaguzi wa Machi 2013, kambi ya Uhuru Kenyatta na William Ruto ilijinadi kuwa ya kidijitali, na wapinzani wao wakaitwa analogi. Tangu hapo, analogi likawa tusi dogo la kila siku: mzee asiyejua simu ni analogi, mwalimu anayetumia chaki ni analogi, mavazi ya mwaka juzi ni analogi. Dijitali nalo likamaanisha upya, ujana, maendeleo. Kwa lugha ya semantiki, maana ya kiufundi, yaani namna ya kuufasiri ujumbe kwa tarakimu, ilimezwa na maana ya kijamii. Muuzaji aliyeandika 'antena ya dijitali' kwenye kipande cha boksi mbele ya duka lake hakuwa akieleza sifa ya bidhaa. Alikuwa akiuza uanachama wa kizazi kipya. Na mwenye kifuniko cha sufuria mlingotini alijua, bila kuambiwa, kwamba yeye yuko upande gani.

Hapa ndipo penye kosa. Antena haijui dijitali, wala haijui analogi. Antena ni kipande cha metali kinachosukumwa na wimbi. Iwapo wimbi hilo limebeba picha kwa njia ya zamani au kwa tarakimu, hilo ni shauri la kifaa kilicho upande wa pili wa waya. Kilichobadilika Kenya kwa upande wa antena ni masafa. Televisheni ya dijitali iliwekwa katika kanda ya juu, kuanzia megahezi 470 hivi, ambako mawimbi ni mafupi. Wimbi la megahezi 500 lina urefu wa sentimita 60, na nusu yake ni sentimita 30.

Msomaji na atulie kidogo kwenye tarakimu hiyo. Vifuniko viwili vya sufuria ndogo, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 15 hivi, vikiwekwa ubavu kwa ubavu bila kugusana, waya wa kati wa kebo ukafungwa kwenye kimoja na wavu wake wa nje kwenye kingine, hufanya kitu chenye upana wa sentimita 30. Tena, kitu kipana kama kifuniko hukubali masafa mengi zaidi kuliko kijiti chembamba. Yaani kifuniko cha sufuria, ambacho katika enzi ya analogi mara nyingi kilikuwa kidogo mno kwa mawimbi ya masafa ya chini, kilifikiwa na bahati yake haswa pale dijitali ilipoingia. Siku ambayo kilistahili kupandishwa ndiyo siku kilipoteremshwa. Kilirudishwa jikoni, au kikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mwenyewe akaenda kutafuta fedha za antena mpya juu ya zile alizokuwa amezitafuta kwa ajili ya king'amuzi. Katika utafiti wa serikali wa mwaka 2015/16, karibu nusu ya wakazi wa Kwale walihesabiwa kuwa chini ya mstari wa umaskini. Kwa nyumba ya namna hiyo, shilingi mia kadhaa ni unga.

Haki na itendeke kwa wauzaji. Antena ndefu za kanda ya chini hazikufaa tena, na waliouambia umma kuwa zinahitajika fupi hawakukosea. Lakini jina sahihi la bidhaa yao lilikuwa antena ya masafa ya juu, nayo haikuwa mpya. KTN ilipoanza Nairobi mwaka 1990 ilirusha kwenye chaneli ya 62, ambayo imo katika kanda hiyohiyo ya juu. Familia iliyonunua antena ya kuitazama KTN wakati huo ilikuwa na 'antena ya dijitali' juu ya paa miaka 25 kabla ya dijitali. Hakuna aliyeiita hivyo kwa sababu hapakuwa na faida ya kuiita hivyo.

Mwanaisimu atakuja na pingamizi lake la kawaida: lugha ni ya watumiaji, na neno likishakubalika limekubalika, nani atamzuia Mswahili kusema 'antena ya dijitali' ikiwa ndivyo asemavyo? Pingamizi hili lina uzito katika mambo mengi. Hapa halina. Aliyelibuni neno chenga alikuwa mtumiaji, akakitaja alichokiona. Aliyelibuni 'antena ya dijitali' alikuwa na bidhaa ya kuuza, na mtumiaji alilipokea pamoja na risiti. Kuyaweka majina hayo mawili katika fungu moja la 'matumizi ya wazungumzaji' ni kufumba macho.

Zaidi ya hayo, lipo jambo lililopotea ambalo halizungumzwi sana. Picha ya dijitali haina chenga. Mawimbi yakipungua, picha hubaki safi hadi ukingoni, kisha hukatika vipande vya mraba, huganda, na kutoweka. Hakuna nyingi wala kidogo. Aidha, king'amuzi huchukua sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo ya mlingoti kuzungushwa. Kijana aliyeko paani anazungusha, aliyeko ndani ananyamaza, wa mlangoni hana habari ya kupeleka. Wengi walihitimisha kwamba kifuniko hakifanyi kazi katika dijitali, ilhali kilichokuwa kimekufa si uwezo wa kifuniko bali mazungumzo kati ya paa na sebule. Mbadala wa chenga upo. Ndani ya king'amuzi kuna ukurasa wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake, nayo hupanda na kushuka kama chenga zilivyokuwa zikiongezeka na kupungua. Ila ukurasa huo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza na umefichwa nyuma ya vibonyezo vitatu au vinne vya rimoti. Bibi wa Msambweni aliyeweza kusimamia uelekezaji wa antena kwa kutazama chenga hawezi kuusimamia kwa ukurasa asiojua kwamba upo.

Je, Kiswahili kilikuwa wapi? Haitoshi kusema kwamba lugha haikuwa na maneno. Lilikuwapo neno king'amuzi, na ni neno zuri lisilo na kifani: linatokana na kung'amua, na linasema wazi kazi ya kifaa, kwamba kuna ujumbe uliofumbwa na huyu ndiye anayeufumbua. Laiti umma ungeelezwa hatua moja zaidi, kwamba kinachobadilika ni king'amuzi na wala si chuma cha juu ya paa isipokuwa kwa kipimo chake, neno hilo lingeweza kubeba maelezo yote. Matangazo yalihimiza watu wahame. Namna ya kuhama kwa kutumia walichokuwa nacho haikuandikwa, na waliokuwa na uwezo wa kuiandika kwa Kiswahili fasaha walikuwa katika vyuo vikuu wakijadili ikiwa tarakilishi ni bora kuliko kompyuta.

Mfano wa kufuatwa hauko mbali. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki Mombasa mwaka 2017, aliona kwamba maneno ya mafundi yanakufa pamoja na mafundi. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, aliyahifadhi kwa utenzi maneno ya uundaji wa jahazi. Na katika Umbuji wa Mnazi, mwaka 1985, akaufanyia mnazi vivyo hivyo. Hakungoja kamati. Alikwenda kwa anayeshika randa na tezo akamuuliza hiki kinaitwaje. Msamiati wa antena ya nyumbani unasubiri mtu wa namna hiyo, na kwa kiasi fulani umejengwa juu ya ule wa jahazi. Mti unaosimama huitwa mlingoti, kama wa chombo. Boriti inayolala na kubeba vijiti ingeweza kuitwa foromali, kwani ndivyo uitwavyo mti unaobeba tanga. Na vijiti vyenyewe vikaitwa mbavu, kwa kufuata umbo la samaki. Hayo ni mapendekezo tu, na huenda Wavumba wa Wasini au Wachifundi wa Gazi wana maneno bora ambayo hayajaulizwa. Mwanafunzi wa uzamili anayelalamika kwamba mada zote za tasnifu zimekwisha angeweza kupanda matatu kutoka Likoni akiwa na daftari.

Wala hapana haja ya kuipamba antena ya uani kwa sifa isizonazo. Upepo wa chumvi wa Diani huila haraka, hasa pale shaba ya waya inapogusana na alumini ya kifuniko, kwa maana metali mbili tofauti zikikutana penye chumvi na unyevu, moja humla mwenziwe. Kiungo hicho ndicho cha kukaguliwa kwanza runinga inapokataa. Mlingoti mrefu karibu na nyaya za umeme ni hatari ya kifo, na wakati wa masika radi haichagui kati ya mnazi na mlingoti. Nyuma ya milima, kifuniko hakitashinda antena ya dukani iliyopimwa vyema, na pengine yote mawili yatashindwa. Mtu mwenye fedha anunue. Hoja inahusu yule aliyeambiwa kwamba hana hiari.

Kwake yeye, maelezo yafuatayo yangetosha mwaka 2015, na bado yanafaa. Ulizia masafa ya kituo kwa megahezi. Gawanya 150 kwa tarakimu hiyo. Jibu ni nusu ya urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 500 ni sentimita 30. Punguza kidogo, kwa kuwa umeme ndani ya metali huwa mzito kuliko wimbi hewani: zibaki sentimita 28 na nusu. Kata waya vipande viwili vya sentimita 14 na robo, au tafuta vifuniko viwili vinavyokaribia upana huo. Viweke kwenye ubao mkavu, mwanya wa kidole kati yao. Funga waya wa kati wa kebo upande mmoja na wavu wa nje upande wa pili, ukaze, ufunike viungo visipate maji. Vilaze au uvisimamishe kama zilivyo antena za jirani ambaye runinga yake inashika. Nyuma yake, kwa umbali wa sentimita 15 hivi, sinia au wavu wa kuku utazuia nguvu isipotee. Fungua ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili na umweke mtoto autazame. Kisha uzungushe mlingoti polepole kuelekea upande wa mnara, na baada ya kila zungusho usubiri kidogo, kwa sababu king'amuzi huchelewa kujibu.